Nukta Nyuma ya Kilima

Mume wangu ni nukta.
Kila Alhamisi, akishabandika ile antena ya sumaku juu ya gari,
huniaga kwa kugusa kofia, halafu anakuwa kidoa chekundu
kwenye skrini niliyoiegemeza kwenye kopo la unga.

Amenieleza mara nyingi, mezani, kwa vijiko na kichupa cha chumvi:
setilaiti humnong'oneza mtu mahali alipo
na siri hiyo hufia masikioni mwake.
Redio ndiyo mbea. Redio huichukua siri
ikaibwaga kilimani, na mlingoti wa Kuusivaara,
usiojua kunyamazia jambo,
huirudia kwa kila mwenye sikio.
Ukisikiliza kwa masikio ya kawaida ni mkwaruzo tu,
kuku anaparura bati.

Urpo alistaafu posta. Miaka thelathini na moja alipeleka habari za watu;
sasa anapeleka zake, nazo ni fupi:
nipo hapa. Sasa nipo hapa.
Amekitega kile kidude kiseme zaidi njia inapopinda,
barabara ikinyooka kinyamaze.
Nikamwambia, basi mmefanana.

Mwisho wa jina lake la hewani kuna tarakimu.
Tisa: yumo garini. Saba: anatembea kwa miguu.
Nilijifunza hilo bila kutaka,
kama unavyojifunza maneno ya ugomvi wa jirani.

Alhamisi ya mwisho ya Januari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
tisa iliingia nyuma ya kilima na haikutoka.
Kuna kivuli pale, najua, mawimbi hayapindi kama barabara.
Dakika kumi ni kivuli.
Dakika arobaini si kivuli.
Niliosha sufuria safi. Nikaiosha tena.
Taisto akapiga simu kutoka ng'ambo ya ziwa.
Kumbe naye alikuwa anaangalia, wote hawa wanaangaliana,
wazee wa nchi nzima, kila mmoja na kopo lake la unga.
Akasema, "Pengine ni waya."
Sauti yake haikuuamini huo waya.

Kisha jina likarudi.
Nikalisoma mpaka mwisho. Saba.

Kasi: kilomita tatu kwa saa. Uelekeo: nyumbani.
Nilivaa koti juu ya gauni la kulalia,
nikajaza kahawa kwenye chupa, nikaisahau mezani,
nikachukua gari la Saimi, lenye kiti cha mtoto nyuma
na biskuti zilizosagika kila mahali.
Njia ni moja. Sikuhitaji ramani
ila nilitamani kuwa nayo, nione bado anasogea.

Nikamkuta ukingoni, nyusi nyeupe,
redio ya mkono ameivika soksi ya sufu betri isigande.
Gari letu lilibaki mtaroni, nyuma kule,
limelala ubavu kama ng'ombe anayecheua.
"Ulipotea," nikasema. Nilitaka kusema kitu kingine.
"Sikupotea. Nilijua nilipo muda wote,
mpaka tarakimu ya nne baada ya nukta."
Basi aliyepotea ni nani, sikumwuliza.
Nilimpangusa theluji mabegani, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Njiani simu ikalia. Taisto tena.
"Mumeo anakwenda kilomita sitini kwa saa, kwa miguu.
Mwambie apumzike, umri huo."
Urpo alicheka mpaka barafu ya nyusi ikamdondokea mapajani.
Sikusema neno. Njia ilikuwa imenyooka.
Ndani ya soksi kuku aliparura: nipo hapa, nipo hapa.
Mimi sina nukta. Kwenye ramani ile
hakuna aliyekuwa akiendesha.